Kuficha Maradhi Si Subira: Somo Juu ya Saratani Katika Uzee



Somo letu la leo ni juu ya maradhi ambayo watu wetu hawapendi hata kuyataja. Mtu akifa kwayo, matangani husemwa kuwa marehemu "alikuwa akiuguaugua," au kwamba amechukuliwa na "maradhi haya ya siku hizi." Jina lake ni saratani, na wengine huita kansa. Saratani ni neno la Kiarabu na maana yake ni kaa, yule mnyama wa ufuoni tumjuaye sote. Na matabibu wa Kigiriki wa zamani nao waliita kwa jina la kaa katika lugha yao, kwa kuwa waliona mishipa iliyouzunguka uvimbe imetawanyika kama miguu yake. Basi jina hili lina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, wala si jambo lililozuka juzi pamoja na vyakula vya mikebe, kama wasemavyo baadhi ya wazee wetu barazani.

Mwandishi wa somo hili ni mtu wa Mombasa, na amejaaliwa kukaa Kisumu miaka kadhaa akisomesha. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, watu wa pwani waliifuata, mafundi, wachuuzi na walimu, na vizazi vyao wangalipo huko mpaka leo. Katika mtaa wa Kaloleni palikuwa na mzee mmoja, asili yake mtu wa Mombasa, aliyefanya kazi katika meli za ziwani mpaka akastaafu. Msikitini alikuwa mtu wa safu ya mbele. Mwaka mmoja alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, nasi tukafurahi. Baadaye akazidisha, hata ikawa haonekani akila mchana, na kwenye karamu za harusi husema, "Mimi leo nimefunga, wanangu." Alikonda, na watu wakasema kuwa ni ibada imemkondesha. Wengine walimpigia mfano wake vijana wao.

Ukweli ni kwamba chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Ilianza nyama, ukafuata wali, ukafuata mkate uliolowekwa katika chai, na mwisho hata uji ulikuwa ukisimama kifuani na kurudi. Futari yake alikuwa akiila peke yake chumbani, kijiko kwa kijiko, apate kutapika bila ya kuonekana. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alinishika mkono akaniambia, "Maalim, saumu yangu hii ni ya uwongo. Nafunga kwa sababu sipitishi kitu."

Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia watoto wake. Akajibu kwamba aliogopa kulisikia lile jina likitamkwa juu yake. Tena aliogopa watoto wasije wakauza nyumba kwa ajili ya mtu ambaye siku zake zimebaki chache. Tena alitaraji kuwa Mungu atamchukua kabla hawajajua. "Nami nilidhani," akasema, "hiyo ndiyo subira."

Watoto wake walimpeleka hospitali. Akatiwa mpira mwembamba wenye taa kooni, kikakatwa kinofu cha uvimbe kupelekwa kupimwa, na majibu yakaja kuwa ni saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni. Daktari akamwita mtoto mkubwa faraghani akamweleza. Mtoto akarudi kitandani akamwambia baba yake kuwa ni vidonda vya tumbo. Basi uwongo uliokuwa wa mtu mmoja ukawa wa watu wawili. Baba alikwisha kujua, mtoto alikwisha kujua, na kila mmoja akimwigizia mwenziwe. Nilipokwenda kumtazama, kijana alinipokea mlangoni akanikonyeza nisiseme neno; na nilipoketi, mzee naye akanikonyeza vile vile.

Ndugu zangu, mambo haya si ya nyumba moja. Nimeyaona Kisumu, na nimeyaona Mombasa na Lamu. Methali yetu husema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi twaitumia kumsema aliyekwisha kufa, baada ya kwisha faida yake. Yafaa tuitazame upande wa pili: ni nani aliyemfundisha mzee huyu kuficha? Ni sisi. Ni sisi tunaonong'ona jina la maradhi kama kwamba ni jina la zinaa. Ni sisi tunaotenga kikombe cha mgonjwa na sahani yake, na hali saratani haimwambukizi mtu kwa kikombe wala kwa kupeana mikono. Na ni sisi tunaouliza, "Alifanya nini hata akapatwa na haya?"

Jawabu la suali hilo, kwa aliyefika umri wa uzee, mara nyingi ni kwamba hakufanya kitu ila kuishi. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo mno, nazo hujigawa kwa mpango ili kujaza pengo la zile zilizokufa. Katika kugawanyika huko kwa miaka sitini au sabini hutokea makosa, na makosa yakilimbikizana, chembe nyingine huasi mpango, zikaota mahali pasipo pake na kuenea. Hiyo ndiyo saratani. Kwa hiyo kadiri watu wanavyoishi sana ndivyo wanavyoonekana nayo wengi. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa katika Kenya mwaka 2020 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 42,000, na wakafa kwayo watu kiasi cha 27,000. Wala haimchagui maskini. Katika mwezi mmoja wa Julai 2019, Kenya iliondokewa na Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, na Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na Joyce Laboso, gavana wa Bomet, ambaye alizikwa Koru katika kaunti ya Kisumu. Wote kwa saratani. Okoth alikuwa amewaeleza watu maradhi yake waziwazi miezi kadhaa kabla, na watu hawakumdharau kwa hilo bali walimheshimu.

Ziwa lile, kwa kweli, lina sehemu yake katika elimu ya maradhi haya. Alikuwako Mulago, Kampala, tabibu mpasuaji jina lake Denis Burkitt, aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari na wenziwe wawili maelfu ya maili mpaka kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali, akaona kuwa uvimbe ule hufuata nchi za joto na mvua, nchi za malaria. Nasi watu wa pwani tumo katika nchi hizo pamoja na watu wa ziwani. Ni maradhi ya watoto, si ya wazee, lakini nimeyataja kwa sababu moja. Watoto wale walipotibiwa kwa dawa baadhi yao walipona, katika zama ambazo watu walikuwa wakisema kuwa saratani haina dawa.

Ama wazee, kila mji una milango yake ya kuingilia. Magharibi ya Kenya ile saratani ya umio ni nyingi kuliko katika nchi nyingi za dunia, nayo ina sababu zaidi ya moja: tumbaku, ulevi, na kinywaji cha moto sana. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliamua kuwa kinywaji kinachozidi joto la digrii 65 yaelekea kusababisha saratani hiyo. Wasomaji wa pwani wasicheke, kwani nasi twajisifu kwa kahawa inayochoma ulimi, na tuna tambuu. Popoo ndani ya tambuu imekwisha kuthibitishwa kuwa husababisha saratani ya kinywa, hata isipotiwa tumbaku. Na kichocho cha kibofu, ambacho katika Kwale na vijiji vya pwani watoto hukipata kwa kuoga katika maji ya madimbwi, kikiachwa miaka mingi bila ya dawa chaweza kuleta saratani ya kibofu katika utu uzima. Wanaume waliozeeka hupatwa sana na saratani ya tezi dume, na wanawake kwa ile ya matiti na ya mlango wa uzazi. Hii ya mwisho ina kinga: tangu mwaka 2019 wasichana wa Kenya huchanjwa dhidi ya kirusi kinachoileta. Najua maneno yanayosemwa vibarazani kuwa sindano hiyo ni ya kuwafanya wasizae. Ni maneno yasiyo na dalili, na anayeyaeneza atakuwa na jukumu.

Dalili za kutazamwa si siri, na kila mzee azijue: chakula kukwama, kinyesi au mkojo wenye damu, mkojo kutoka kwa shida, uvimbe katika titi, damu kumtoka mwanamke aliyekwisha koma hedhi, kidonda cha kinywani kisichopona, kukonda bila ya sababu. Si kila mwenye dalili hizi ana saratani, wengi hawana. Lakini hajui mtu mpaka apimwe.

Na hapa ndipo hofu inapofanya kazi yake mbaya. Hofu yenyewe si dhambi wala si udhaifu wa imani. Hofu imwamshayo mtu asubuhi akaenda kupimwa ni rehema. Namjua bibi mmoja aliyekatwa titi, na kila miezi sita hurudi kutazamwa. Wiki ile kabla ya kwenda halali usingizi, na kila kiungo kikimuuma hudhani yamerudi. Alinambia, "Mwanangu, hofu hii sijaishinda, lakini nimeizoea. Hunisindikiza mpaka hospitali, kisha hunirudisha nyumbani." Imani yake haikupungua. Iliyo mbaya ni ile hofu ya kumfungia mtu chumbani.

Wako wasemao, "Saratani ikiguswa na kisu hutapakaa." Nimeyasikia Kisumu na nimeyasikia Malindi. Fikirini asili ya maneno haya. Mtu amekaa na uvimbe mwaka mzima, ameupeleka kwa mganga, amekunywa kombe, amevaa hirizi, kisha amepelekwa hospitali uvimbe umekwisha enea; amepasuliwa, na baada ya mwezi amekufa. Watu wakakumbuka kisu, wakausahau mwaka. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika katika Qanun yake kuwa saratani ikiwa ndogo na mwanzoni yawezekana kukatwa, na kwamba mkataji aizungukie yote asibakishe kitu. Basi mambo ambayo tabibu wetu aliyajua kabla ya miaka elfu, sisi leo twayakanusha kwa kauli ya mtu wa ramli.

Katika watu wa ziwani, mgonjwa akikonda bila ya sababu ijulikanayo, husemwa na baadhi yao kuwa ni chira, yaani amevunja mwiko wa wazee. Sisi wa pwani twawaona wajinga kwa hilo, kisha twageuka tukasema kuwa wetu ametupiwa jini au amepigwa kijicho. Mimi sioni tofauti ila ya jina. Kumsomea mgonjwa Kurani na kumwombea dua ni jambo jema, wala hakuna aliyelizuia. Linalokatazwa ni kuliuza, na kulifanya badala ya tiba. Mtume (S.A.W.) amewafundisha watu wajitibu, na akaeleza ya kwamba hapana maradhi ambayo Mungu hakuyawekea dawa, isipokuwa uzee. Tazameni jinsi alivyoutoa uzee peke yake. Mzee hatarudi kuwa kijana, lakini maradhi yaliyompata katika uzee wake yamo katika yale ya kutibiwa. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipoambiwa kuhusu tauni ya Sham kwamba akirudi atakuwa amekimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Hiyo ndiyo tawakkul, wala si kukaa kitako.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba kila aendaye hospitali hupona. Tiba ina safari na gharama. Kwa miaka mingi mtu wa Kisumu aliyehitaji mionzi katika hospitali ya serikali hakuwa na pengine ila Kenyatta, Nairobi, safari ya kilomita zipatazo 350. Na wa Mombasa safari yake ilikuwa ndefu zaidi. Katika miaka ya karibuni mashine za mionzi zimewekwa pia Mombasa, Nakuru na Garissa. Bima ya serikali ilibadilishwa Oktoba 2024, NHIF ikaondoka ikaja SHA. Na nawanasihi watoto wawaandikishe wazee wao wakiwa wazima, kwa kuwa siku ya maradhi si siku ya kutafuta karatasi.

Ama habari ya nyumba kuuzwa, hukumu yake ni nyepesi, nasi ndio tunaoifanya nzito. Mali ni ya mwenyewe maadamu yu hai. Warithi hawana haki nayo mpaka afe, wala hawana ruhusa ya kumnyima tiba ili wapate kuirithi. Akitaka kuuza ajitibu, ni haki yake. Na akisema, "Tiba hii sina haja nayo, niacheni niishi siku zangu kwa utulivu," hilo nalo ni lake, kwani wanazuoni wengi hawakuifanya tiba kuwa faradhi, hasa pale ambapo kupona hakutarajiwi. Lakini atachaguaje mtu asiyeambiwa kinachomwua? Na atausiaje? Mtume (S.A.W.) alipokwenda kumtazama Saad bin Abi Waqqas katika ugonjwa wake, walizungumza habari ya mali na wasia waziwazi, mgonjwa na mwenye kumtazama, na ikatokea hapo hukumu ya thuluthi. Lau wangalikonyezana mlangoni, hukumu ile tungaliipata wapi? Na Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo yamwamuru mtabibu amjulishe mgonjwa hali yake. Amjulishe yeye, si mwanawe. Si lazima aambiwe yote siku moja, wala kwa maneno makavu. Aulizwe kwanza, "Baba, wewe wataka kujua kiasi gani?" Akijibu, aambiwe kiasi hicho.

Basi katika nyumba ile ya Kaloleni, baada ya kutaka idhini ya baba, nilimwita kijana nikamketisha mbele yake. Nilimwambia mzee, "Mwambie mwanao ulichoniambia." Akamwambia, "Mwanangu, mimi najua si vidonda vya tumbo." Kijana alilia. Mzee ndiye aliyemtuliza. Tangu siku ile walikuwa wakienda kliniki pamoja, na safari zile, nijuavyo mimi, ndizo zilizowafanya wazungumze kuliko walivyozungumza miaka yote.

Uvimbe ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, haukukatika. Madaktari walimtia katika umio mrija wa wavu wa madini wa kuipanua njia, akaweza kunywa uji, maziwa na supu, na miguu ikapata nguvu. Maumivu yalipozidi alipewa mofini ya maji, ya kunywa kwa kipimo kila baada ya saa nne. Hapo jamaa wengine walisimama wakasema kuwa ni kileo, na kwamba itamharakisha kufa. Maneno haya yana madhara makubwa, kwani watu wetu hufa wakipiga kelele kwa sababu yake. Mofini ikitolewa na mjuzi kwa kadiri ya maumivu haimwui mgonjwa, wala kutibu maumivu kwayo si kulewa; mwenye dharura ana hukumu yake. Dawa hii ya maji ni rahisi kwa bei. Daktari Anne Merriman, aliyekuwa Nairobi Hospice ilipoanza mwaka 1990, kisha akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ndiye aliyeieneza katika nchi zetu kwa kuchanganya unga wake na maji. Kisumu ina hospisi, na Mombasa vile vile. Si nyumba za kupelekwa watu wakafie. Wahudumu wake hutibu maumivu, hufundisha jamaa namna ya kumwuguza mtu nyumbani, na huzungumza na mgonjwa mambo ambayo watoto wake huyaogopa.

Suali tunaloulizwa mara nyingi ni la ibada. Mgonjwa asali kwa kadiri awezavyo, kwa kukaa, au kwa ubavu, au kwa kuashiria. Aliyepasuliwa akatolewa njia ya haja tumboni, akawa na mfuko, hukumu yake ni ya mwenye udhuru wa kudumu: wakati wa faradhi ukiingia ajisafishe, aufunge mfuko vizuri, atawadhe, kisha asali bila ya kukawia, na kinachomtoka baada ya hapo hakimdhuru. Nawajua wawili walioacha kusali kwa sababu ya mfuko huo, wakidhani wamekuwa najisi daima, na hapana aliyewafundisha. Mwanamke atazamwe na tabibu mwanamke akipatikana, na asipopatikana, atazamwe na mwanamume kwa kadiri ya haja. Haya isiwe sababu ya kumzika. Na asiyetarajiwa kupona hana saumu juu yake. Kwa kila siku ya Ramadhani hutolewa kibaba kimoja cha chakula kupewa maskini.

Mzee wetu aliidiriki Ramadhani moja baada ya hapo. Asubuhi alikuwa akiketi uani kwake na kikombe cha uji ulioachwa ukapoa, akinywa mbele ya wajukuu zake bila ya kujificha. Mdogo wao alimwuliza, "Babu, wewe hufungi?" Akamjibu, "Mimi mgonjwa, babu. Nimeruhusiwa." Na kila jioni kabla ya adhana ya Magharibi huletewa gunia la mchele, akapima kibaba kwa mkono wake mwenyewe, akakisawazisha juu kwa kiganja, akamkabidhi mtoto ampelekee jirani. Alifanya hivyo siku ishirini na sita. Zile nne zilizobaki alipima mwanawe.